Kabla Hujauliza Kwaya Inaimba Lini

(Maneno kwa washirika wapya, Mombasa, Jumamosi alasiri)

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Wa nyuma sogeeni mbele, feni ya huko imekufa tangu Pasaka, na sauti yangu niliimaliza darasani nikifundisha darasa la nne.

Nimepewa nusu saa niwaeleze mtarajie nini humu. Wenzangu wa zamani washaanza kucheka, wanajua nitafika Rabai, kule bara walikokaa wamisionari wa zamani. Nitafika Rabai. Vumilieni.

Kila nikipokea wageni maswali ni yale yale. Kwaya inafanya mazoezi lini? Kuna ushirika wa vijana? Nikilazwa hospitali nitatembelewa? Maswali ya haki, majibu anayo katibu pale mlangoni. Lakini sijapata mtu hata mmoja wa kuniuliza: mtanituma wapi? Na sisi tunajiita kanisa la kutumwa! Umepanda matatu, umelipa nauli, huulizi inakwenda wapi, unauliza kiti cha dirishani.

Someni Luka sura ya kumi mkifika nyumbani. Wale sabini walitumwa wawili wawili, hawana mfuko, hawana mkoba, hawana viatu, wakaambiwa waingie nyumba za watu wale watakachowekewa. Watu wanahubiri sana juu ya mfuko na viatu. Mimi naomba mshike hilo la kula. Aliyetumwa ni mgeni. Anakaa anapoambiwa akae, anakula anachopewa.

Mimi hilo sikulijua. Nimezaliwa Machakos, nikaja Mombasa na kiburi changu cha cheti cha ualimu, nikajiunga na kanisa, na wiki ya pili nikatumwa pamoja na dada mmoja kwenye nyumba za Kiswahili kule Kisauni. Nilibeba daftari la kuandika majina na bahasha ya vijikaratasi vya Injili. Chumba cha kwanza tukamkuta bibi wa Kiislamu, amekaa kibarazani, akatukaribisha mbaazi na mahamri. Nikasema asante bibi, sisi tumekuja kuhudumu, hatutaki kukusumbua. Akanitazama. Akasema, “Mwanangu, umekuja kunipa chako, na changu hukitaki?”

Nilikula. Nilikula mahamri manne, msicheke.

Ziara ya tatu bibi akaniambia, “Chukua mbuzi hapo uani.” Nikatoka nikazunguka uani natafuta mnyama. Naangalia nyuma ya tangi la maji, naangalia kwa jirani, hakuna mbuzi. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Mbuzi kumbe ni kile kigoda cha kukunia nazi! Nikaketishwa juu yake, nikakuna nazi na vidole vyangu pamoja. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi nilipewa mbuzi. Lakini tangu siku hiyo bibi hakuniita mwalimu tena, aliniita kwa jina langu, na mumewe alipofariki nilikaa mkekani matangani pamoja na wanawe. Lile daftari la majina sijui liliishia wapi.

Sasa najua kuna mtu hapa anasema moyoni: kwa hiyo mama, tusihubiri? Tuwe watu wa mahamri tu? Naulizwa hivi kila mwaka, na kila mwaka anayeuliza ni kijana aliyevaa tai. Hubiri, mwanangu. Nani kakukataza? Bibi yule aliniuliza mwenyewe kwa nini naomba, kwa nini nafunga, Yesu ni nani kwangu, nami nikamjibu bila kuficha. Lakini aliuliza mwaka wa pili. Na kama hangeuliza kamwe, bado ningekwenda kukuna nazi. Mji huu unaamshwa na adhana kabla ya jogoo. Ukija na kipaza sauti kushindana na msikiti, utakachopata ni kelele mbili. Ukialikwa futari, nenda. Ukialikwa na huku unahesabu nani atabadili dini, wataona machoni pako. Watu si wajinga.

Haya, Rabai.

Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika hapa 1844. Mwaka ule ule, Julai, akamzika mkewe Rosine na mtoto mchanga ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Hilo mnalijua, na mnajua 1846 alikuja mmisionari mwenzake Rebmann, wakapanda mpaka Rabai. Mnachosahau ni hesabu. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, akabatizwa 1851 yuko karibu kufa. Miaka saba, mtu mmoja, naye wakamzika! Leo mchungaji akileta ripoti kama hiyo kwa kamati, nawaambieni, hamalizi mwezi.

Krapf tunamsifu kwa safari zake, na nyumbani kwetu Ukambani alifika. Mimi nampenda yule mwingine. Rebmann alikaa. Alikaa mpaka 1875, miaka ishirini na tisa, macho yakaingia giza, hata likizo ya kwenda kwao hakuchukua. Na alifanya nini muda wote huo? Aliuliza maneno. Kuna mtumwa mmoja hapa Mombasa aliyeitwa Salimini, ametolewa mbali, nchi za Ziwa Nyasa. Rebmann alikaa naye akamwandikia lugha yake, neno kwa neno, mpaka ikawa kamusi. Mzungu, mmisionari, mwanafunzi wa mtumwa! Hapo ndipo ninapotaka mfike. Ukitumwa kwa watu, wao ndio walimu wako kwanza. Watu wanasema alipoteza wakati. Wakati wa nani? Miaka ile, nyinyi mngekuwa mmeshahama makanisa mara sita mkitafuta kwaya nzuri.

Katibu ananionyesha saa. Nimebakiwa na dakika ngapi? Nne? Mlinipa nusu saa!

Basi haraka. Vikundi vya nyumbani ni lazima, Jumatano jioni. Ndimo mtakamojuana, ibada ya Jumapili haitoshi. Mtachukizana humo ndani, hasa mkitimiza mwezi wa tatu hivi, mtu atakukopa asirudishe. Msikimbie. Ubatizo na mafundisho yake ataeleza mzee wa kanisa. Zaka nilitaka kuisema kwa urefu lakini naona mhazini ananiangalia vibaya, tuiache. La watoto nimelisahau, nitawaambia mlangoni.

Wa Likoni, wahini feri kabla foleni haijafika barabarani. Wa Kisauni tukutane Jumatano saa kumi na moja pale Kengeleni, chini ya kengele yenyewe. Wawili wawili. Msibebe daftari. Na mtu asije ameshiba.