Namna ya Kukata Silabi na Kuweka Mkazo katika Maneno Marefu ya Kiholanzi

Watazamaji wapenzi, neno mnaloliona kwenye skrini, ziektekostenverzekering, ni bima ya gharama za ugonjwa, nalo lina silabi nane. Msemaji wa Kiswahili akilikuta kwa mara ya kwanza, ulimi hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika “mwanasheria”, akatamka verzeKEring. Kumbe hiyo ke ni dhaifu, irabu yake humezwa nusu.

Kwanza, msianze na silabi. Tafuteni maneno yaliyounganishwa, mkianzia mwisho, kwa kuwa neno la mwisho ndilo hubeba maana kuu: verzekering ni bima, kosten ni gharama, ziekte ni ugonjwa. Pigeni mstari wa penseli kwenye kila mpaka, ndipo mkate silabi ndani ya kila kipande: ziek-te, kos-ten, ver-ze-ke-ring. Mpaka wa maneno hauvukwi. Tazameni kwartslagen: ukikata kwart-sla-gen, umesema mizunguko ya robo, ukikata kwarts-la-gen, umesema tabaka za jiwe la kwatsi. Iliyohama ni s moja tu.

Pili, angalieni sauti za kuunganishia, hasa s na en. Pannenkoek, ile chapati ya maji ya Kiholanzi, iliandikwa pannekoek hadi mageuzi ya tahajia ya mwaka 1995 yalipoiongezea n, lakini wasemaji wengi hawaitamki n hiyo hata leo.

Tatu, tafuteni mkazo wa kila kipande kikiwa peke yake: ZIEK-te, KOS-ten, ver-ZE-ke-ring. Vikiungana, kipande cha kwanza hutwaa mkazo mkuu, na vingine hubaki na mkazo hafifu. Gongeni meza kwa nguvu kwenye ziek, kisha kwa ncha ya kidole kwenye kos na ze, mkitamka pamoja nami polepole: ZIEK-te-kos-ten-ver-ze-ke-ring.

Yapo maneno yanayokaidi, na hayo, kwa maoni yangu, ni ya kukariri tu. Boerenkool, mboga iliyo ndugu wa sukuma wiki, hukaziwa kool. Ziekenhuis, yaani hospitali, hufuata kanuni na kukaziwa zie, ilhali stadhuis, ofisi kuu ya mji, hukaziwa huis, na d yake husikika kama t. Sitisheni video hapa, mtamke haya mawili moja baada ya jingine, mara tano.