Kazi Ambazo Hazijatangazwa: Unamwandikia Nani na Unamwambia Nini

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Nimepewa saa nzima ila sitaimaliza, nataka tubaki na muda wa maswali maana kwenye mambo ya kazi kila mtu ana kesi yake. Leo tunaongelea kumfuata mwajiri kabla hajatangaza nafasi, na kama kuna kitu kimoja nataka kukikomalia ni hiki, ukimwandikia mtu ambaye hajamwita yeyote basi barua yako ianze na shida zake yeye, zako atazijua baadaye.

Kwanza tuelewane kwanini nafasi inakuwepo halafu haitangazwi. Wengi wetu tunakimbilia kusema ni kujuana, mjomba kamvuta mpwa wake. Ipo hiyo, sikatai. Ila mara nyingi ni mambo ya kawaida tu ya ofisini, mtu kaandika notisi ya mwezi mmoja, bosi wake bado anawaza atafute mwingine au kazi awagawie waliobaki. Au kampuni imeshinda tenda, kazi inaanza miezi mitatu mbele, bajeti ya watu imepita ila hakuna aliyekaa kuandika hiyo nafasi itakuwa na majukumu gani. Au kuna dada anaenda likizo ya uzazi na kila mtu kitengoni anajifanya hajaona tumbo. Kati ya siku bosi anaanza kuelemewa na siku tangazo linatoka zinapita wiki, wakati mwingine miezi, maana tangazo linataka sahihi ya huyu na idhini ya yule, na likishatoka tu maombi yanamiminika na lazima apatikane mtu wa kuyasoma yote. Hapo katikati ndo pa kuingilia. Ukifika wakati huo unashindana na watu wachache sana, saa nyingine uko peke yako.

Na hili halijaanza jana. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, mwishoni mwa miaka ya 60 alikaa na wanaume wenye kazi za kitaaluma, za ufundi na za umeneja kwenye mji wa Newton, jirani na Boston, waliokuwa wametoka kubadilisha kazi, akawauliza hiyo kazi uliipataje. Asilimia 56 walisema kupitia mtu wanayemjua. Matangazo na mawakala wa ajira wakapata kama asilimia 19 hivi, na waliojipeleka wenyewe kwa mwajiri nao kama asilimia 19. Yaani kujipeleka kulikuwa sawasawa na matangazo! Sasa hapo kwenye kujuana ndo kuna utamu, maana waliopata kupitia mtu, ni kama asilimia 17 tu waliosema yule mtu wanaonana mara kwa mara, wengine wote walikuwa wanaonana kwa nadra au mara moja moja. Sababu yake ni rahisi, rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, anasikia habari kwa watu wale wale. Yule mliyesoma naye darasa moja mkapotezana ndo yuko kwenye ofisi ambayo hujawahi kuisikia. Najua utasema huo ni mji mmoja, wanaume tu, na intaneti ilikuwa bado. Kweli. Lakini mwaka 2022 ulitoka utafiti mwingine uliofanywa kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, na ukaonyesha kitu kinachofanana, watu mnaojuana kwa mbali kiasi wanasaidia kuhama kazi kuliko wale wa karibu kabisa. Kwahiyo kabla hujaandika kwa mgeni kabisa, pitia namba zako za simu kwanza.

Niseme haraka pia pale ambapo mbinu hii haifanyi kazi. Kazi za serikali mara nyingi zina taratibu zake, nafasi lazima itangazwe na usaili ufanyike, kwahiyo hata mkurugenzi akupende vipi hana ujanja. Huko subiri tangazo. Makampuni makubwa sana nayo yana mfumo wa kompyuta ambao kila mtu lazima apitie, ila huko angalau mkuu wa kitengo anaweza kukuambia lini nafasi inafunguliwa na akalikumbuka jina lako likifika.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Ninazosoma nyingi zinafanana. "Habari ya kazi, mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, naomba kazi yoyote ile, niko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote. CV yangu nimeambatanisha." Imetumwa kwenye imeli ya jumla ya kampuni, ile inayoanza na info, na ukiangalia juu kuna anwani nyingine kumi na tano za makampuni mengine, wote wanaonana. Hebu kaa kwenye kiti cha huyo anayeisoma. Kazi yoyote ndo ipi? Umempa kazi ya kukufikiria wewe, afungue CV, akuchambue, atafute ndani ya ofisi yake utakaa wapi. Nani ana muda huo? Unadhani "yoyote" inakuongezea nafasi, kumbe inamwambia hujui kampuni yake inafanya nini. Na hayo ya mchapakazi mwaminifu, hakuna binadamu aliyewahi kuandika kwamba yeye ni mvivu, kwahiyo ni maneno yasiyobeba kitu.

Chukua mtu wa hesabu anayetaka kuingia kampuni ya kusafirisha mizigo. Kwanza anatafuta jina, nani anasimamia fedha pale. Linapatikana kwenye tovuti yao, au LinkedIn, au anapiga simu mapokezi. Na kwenye simu ya mapokezi usiseme "nina shida na bosi", maana utaulizwa shida gani na hapo unaanza kujing'atang'ata. Sema tu "samahani dada, nataka kumwandikia anayesimamia idara ya fedha, naomba jina lake na cheo chake nisije nikakosea." Mara nyingi unapewa, na mshukuru kwa jina lake, utampigia tena. Halafu anaandika kitu kama hiki:

"Habari yako. Nimeona mmefungua tawi la pili mwaka huu. Mimi ni mhasibu, miaka mitatu nimekuwa nikifuatilia madeni ya wateja kwenye kampuni ya usambazaji yenye matawi manne, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuhakikisha ankara za kila tawi zinalingana na mzigo uliotoka. Najua matawi yakiongezeka hapo ndo pesa huanza kuchelewa. Sijaona tangazo la nafasi kwenu na sijui kama mnahitaji mtu sasa, ila ningeomba dakika kumi na tano za kuongea, hata kwa simu, siku itakayokufaa wiki ijayo. CV iko hapa chini."

Imeisha. Anaisoma kwenye simu bila kuburuza sana. Angalia imefanya nini, inaonyesha umemfuata yeye hasa, umegusa kitu kinachomkosesha usingizi, na ulichoomba ni kidogo, ni maongezi, siyo ajira. Mtu ambaye hana nafasi leo hawezi kukupa ajira ila dakika kumi na tano anaweza. Umeona pia hakuna stori ya ada ya watoto wala ya kukaa nyumbani miaka miwili? Ni za kweli na zinauma, lakini huyu bado hajakujua.

Na kama mnadhani haya ni mambo ya vijana wa siku hizi, Leonardo da Vinci aliyafanya mwaka 1482 hivi. Alitaka kwenda kufanya kazi Milan kwa mtawala wa pale, Ludovico Sforza, na rasimu ya barua yake ipo mpaka leo. Huyu ni mchoraji, lakini barua inaanza na madaraja mepesi ya kubebeka vitani, namna ya kukausha maji kwenye handaki la ngome, mizinga, magari ya kujikinga. Uchoraji kautaja mwishoni kabisa! Kwanini? Kwa sababu Sforza alikuwa na maadui, picha zingesubiri. Halafu kaongezea kwamba anaweza kutengeneza ile sanamu ya farasi wa shaba ya kumuenzi baba yake Sforza, jambo ambalo Sforza alikuwa analitaka. Na kamalizia kwa kusema kama kuna chochote kinaonekana hakiwezekani, yuko tayari kukifanya mbele yake. Alikaa Milan mpaka 1499. Yule farasi hakukamilika, shaba ilienda kutengeneza mizinga, ila ajira alipata.

Haya, maswali. Huyu mama hapa mbele anauliza wasipojibu je. Hawatajibu wengi, zoea. Subiri kama wiki moja, andika tena mistari miwili ukijibu ile ile imeli yako ya mwanzo ili aione ya chini. Ukimya ukiendelea piga simu mara moja asubuhi, baada ya hapo hamia kampuni nyingine. Mara ya nne unakuwa kero na jina litakumbukwa kwa ubaya.

Na akijibu "kwa sasa hatuna nafasi"? Hilo ni jibu zuri kuliko mnavyodhani, mtu kakaa akaandika. Mjibu siku hiyo hiyo, mshukuru, halafu uliza kitu kimoja, kwenye fani hii ungekuwa wewe ungemwandikia nani mwingine. Akikupa jina, barua yako inayofuata inaanza na "fulani ameniambia nikutafute", na hapo hauko tena mgeni kabisa.

Kaka wa shati la bluu? Ndio, anasema kuna mtu alimwambia nafasi ipo ila atoe kidogo ya kufungulia faili. Usitoe. Ukimfuata mwajiri mwenyewe, anayekulipa ni yeye, hela haiendi kinyume. Hata mawakala wa ajira, mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza kumtoza ada anayetafuta kazi, isipokuwa kwa vighairi vichache ambavyo nchi inaweza kuruhusu. Akikuomba hela piga simu kwenye namba ya mapokezi ya hiyo kampuni, ile iliyoko kwenye tovuti yao na siyo aliyokupa yeye, uliza kama wanamjua.