Chupa ya Babcock na pesa ya utafiti

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema mpaka wapanga bajeti walichoke. Kila mwaka fungu la utafiti wa vyuo vikuu ndilo linalokatwa kwanza, na swali ni lilelile: "Utafiti utatupa nini mwaka huu?" Leo nawajibu kwa maziwa.

Jimbo la Wisconsin, Marekani, katikati ya karne ya 19 liliishi kwa ngano. Ardhi ikachoka, wadudu wakavamia, wakulima wakahamia kwenye ng'ombe. Huko wakakutana na balaa analolijua kila aliyewahi kupanga foleni kwenye kituo cha maziwa. Maziwa yalilipwa kwa uzito. Ukitia maji, unalipwa maji. Ukiengua mafuta ukapeleka yaliyobaki, unapata sawa na jirani aliyeleta maziwa mazito. Mwaminifu anaonekana mjinga wa kijiji! Mtengeneza siagi hajui alichonunua. Nani atahangaika kumlisha ng'ombe vizuri katika soko kama hilo?

Mwaka 1890 Stephen Babcock, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaleta jawabu. Unatia maziwa kidogo kwenye chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa vipimo. Unamimina asidi ya salfuriki, ileile ya betri ya gari. Inayeyusha vyote isipokuwa mafuta. Unaizungusha chupa kwa kasi kwenye mashine, unaongeza maji ya moto, mafuta yanapanda shingoni, unasoma. Dakika chache tu, na mpimaji hahitaji digrii ya kemia. Babcock hakuichukulia hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yake. Aliwaachia watu wote. Bei ikaanza kufuata mafuta, mtia maji akaumbuka, na mfugaji akapata sababu ya kuchagua mbegu bora. Kufikia 1915 Wisconsin iliongoza Marekani nzima kwa siagi na jibini.

Najua kuna anayesema moyoni: "Marekani ni tajiri, sisi tuna shida za leo." Hebu subiri. Mkulima aliyefukuzwa na ngano yake hakuwa tajiri. Pesa ilikuja katika dhiki ileile: sheria ya Hatch ya 1887 ilikipa kituo cha utafiti wa kilimo cha kila jimbo dola 15,000 kwa mwaka. Kila mwaka, jamani! Sisi tunampa mtafiti semina ya siku 3 na mradi wa mfadhili, mfadhili akiondoka friji ya maabara inazimwa, halafu tunamuuliza matokeo yako wapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi Harry Steenbock, mtafiti mwingine wa chuo hichohicho cha Wisconsin, nampitia mbio: aligundua kwamba miale ya urujuanimno huongeza vitamini D katika chakula, kinga ya matege kwa watoto. Mwaka 1925 ukaundwa mfuko, WARF, ili mapato ya hataza yake yarudi maabara. Mnaowauguza wazee wanaotumia warfarin ili damu isigande, jina hilo limetoka kwenye mfuko huo. Yako mengine, nayaacha.

Naona waheshimiwa wabunge mstari wa mbele. Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Waheshimiwa, yetu imefika ngapi? Maikrofoni hii hapa, nawapisha.