Induksheni: mabano yaliyonilia alama saba

Haya wadau, karibuni ubaoni. Leo tunathibitisha kwa induksheni, yaani unaonyesha kitu ni kweli kwa namba ya kwanza, kisha kwamba kikiwa kweli kwa namba yoyote, ni kweli kwa inayofuata pia. Tunachothibitisha: 1 + 3 + 5 + … + (2n − 1) = n². Yaani ukijumlisha namba witiri kwa mpangilio, unapata mraba.

Weka n = 1. Kushoto 1, kulia 1. Imekubali, twende.

Kuna mtu atasema, “Mwalimu, si nijaribu tano sita tu, zikikubali basi?” Thubutu! Chukua n² + n + 41, ile ya mwanahisabati Euler. Anza na 0, panda mpaka 39: zote namba tasa. Arobaini mfululizo! Weka 40, inatoka 1681, ambayo ni 41 mara 41. Imekufa.

Ngoja, taa inamulika ubao, hamwoni kitu… Hapo je? Poa.

Sasa chukulia ni kweli kwa n = k: jumla ni k². Iandike hiyo, usibaki nayo kichwani.

Tunaenda k + 1. Hapa ndipo pa kutulia. Kwenye 2n − 1, toa n, weka (k + 1) PAMOJA NA MABANO YAKE. 2(k + 1) − 1. Fungua: 2k + 2 − 1, ni 2k + 1. Mimi kidato cha tano niliandika 2k + 1 − 1, nikapata 2k. Namba shufwa, katikati ya foleni ya witiri! Wala sikushtuka. Nikahangaika nalo mpaka karatasi zikakusanywa, alama saba zikaenda na maji. Mabano, jamani.

Jumla mpya: k² + 2k + 1, ambayo ni (k + 1)². Kwisha.

Mimi lakini napenda kuiona kwa visoda. Hivi hapa, mraba wa 3 kwa 3. Kuukuza uwe 4 kwa 4, naongeza vitatu juu, vitatu ubavuni… aah, kimedondoka, kimeingia chini ya kabati. Acha, nina kingine. Na kimoja cha kona. Saba! Ndiyo 2k + 1 hiyo, k ikiwa 3. Kile cha kona ndicho nilichokisahau mimi.

Zoezi: 1×2 + 2×3 + … + n(n + 1) = n(n + 1)(n + 2)/3. Neno la k + 1 hapo ni (k + 1)(k + 2). Ukipata k + 1 × k + 2, rudisha video nyuma.