Kupima kama ajira za viwandani zimejikusanya: kipimo cha Moran ndani ya GeoDa

Karibuni. Leo tunajibu swali moja: maeneo yenye ajira nyingi za viwandani yamekaa jirani kwa jirani, au yametawanyika tu? Usiyaamini macho. Kwenye ramani, eneo kubwa lenye rangi kali huonekana zito kuliko lilivyo. Tutatumia kipimo alichokichapisha Patrick Moran mwaka 1950.

Fungua GeoDa, ni programu ya bure ya kuchambua data za ramani, kisha buruta faili la ramani hadi dirishani. Hakikisha kila eneo lina namba yake isiyojirudia. Idadi ya wafanyakazi wa viwandani igawe kwa wafanyakazi wote wa eneo hilo, upate asilimia. Ukiiacha idadi tupu, utapima wingi wa watu.

Sasa twende taratibu, maana kazi yenyewe iko hapa. Ingia sehemu ya uzito, uiambie programu nani ni jirani wa nani. Kuna kanuni mbili zenye majina ya sataranji. Ngome humtambua jirani mnayepakana kwa mstari. Malkia humwongeza hata mnayegusana kwenye kona tu, na mimi huanza na huyo. Lakini kisiwa hakipakani na yeyote! Ramani yako ikiwa na visiwa, tumia majirani wa karibu kwa umbali, tuseme wanne kwa kila eneo.

Chagua kabla hujaona jibu, uandike na sababu. Anayebadilisha majirani mpaka namba impendeze hajapima chochote.

Nenda menyu ya nafasi, chagua Moran ya kigezo kimoja. Itatokea chati ya nukta yenye mstari. Mwinuko wa ule mstari ndio kipimo. Ukiwa chanya, majirani wanafanana. Ukiwa hasi, wanapishana. Bofya kulia, uagize thamani zichanganywe upya mara 999. Hapo utapata thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona mpangilio kama huu kwa bahati tu. Kwa idadi hiyo, thamani ya p haiwezi kushuka chini ya 0.001, kwa hiyo usiandike sifuri.

Namba hiyo moja haisemi mkusanyiko uko wapi. Fungua kipimo cha mahali, alichokieleza Luc Anselin mwaka 1995. Nyekundu iliyokolea ni eneo la juu lililozungukwa na ya juu, bluu iliyokolea ni la chini kati ya ya chini. Kijivu, ushahidi hautoshi.

Mwisho, rudia yote kwa uzito wa aina nyingine. Nyekundu zikihama, ziweke ramani zote mbili kwenye ripoti.