Roboti haikumpasua Papa peke yake

Jambo wandugu wa Bukavu! Jambo Kadutu, Ibanda, Bagira. Niko jikoni kwangu hapa Liège, Ubelgiji, na Papa, baba yangu, amelala chumba cha pili. Tangu juzi napokea sauti nyingi kwenye WhatsApp, karibu zote zinauliza jambo moja: ni kweli mumeacha mashine ipasue moyo wa Mzee? Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa wa Nyawera, alilia mpaka nikashindwa kumsikiliza mpaka mwisho. Basi naeleza.

Mshipa wa mbele ya moyo wa Papa ulikuwa umeziba. Akipanda ngazi kidogo, kifua kinambana. Waganga wakaitafutia damu njia ya pembeni: kuna mshipa unaoshuka ndani ya kifua, nyuma ya mbavu. Wanaubandua, wanaushona kwenye mshipa wa moyo, baada ya pale palipoziba. Kazi hiyo si mpya, munganga Kolesov aliifanya Leningrad, Urusi, mwaka 1964. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Mzee wa kitanda jirani alipasuliwa mfupa wa katikati ya kifua, toka juu mpaka chini. Kila akitaka kukohoa alikumbatia mto kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Mfupa ule huchukua wiki 6 mpaka 12 kuunga. Papa ana matundu matatu madogo katikati ya mbavu, na mkato mmoja chini ya titi la kushoto. Niliupima wakati wa kubadilisha bandeji: haufiki urefu wa kidole changu cha kati.

Sasa hiyo roboti. Ina mikono, lakini haiamui kitu. Munganga anakaa pembeni, macho kwenye kioo kinachokuza mambo karibu mara 10, vidole kwenye vishikio. Mkono wake ukitetemeka, mtetemo haufiki ndani. Akitoa kichwa kwenye kioo, vyuma vyote vinasimama. Kwa Papa, roboti ilibandua mshipa tu. Kushona, munganga alishona kwa mkono wake, kupitia ule mkato, moyo ukiendelea kupiga, kipande cha kushonwa kimetulizwa na kifaa, uzi mwembamba kama unywele. Tantine, wewe unayeshona nguo sokoni Kadutu, fikiria kitambaa kinachoruka chini ya sindano yako.

Na jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1997, huku Ubelgiji, waganga Himpens na Cadière walimtoa mgonjwa kifuko cha nyongo kwa kuongoza roboti, mwanzoni kabisa mwa kazi hii. Cadière huyo huyo ndiye aliyekuja hospitali ya Panzi, kwetu Bukavu, kupasua pamoja na Daktari Mukwege, kwa matundu madogo na kamera. Wengi wenu mumepita mbele ya geti lile.

Sisemi kila mtu atafanyiwa hivi. Mwenye mishipa mingi iliyoziba, mara nyingi bado wanamfungua kifua. Na Papa atameza aspirini yake kila siku, hata kama anajisikia mzima.

Yaya wa Nyawera, nimesikia unasema na wewe kifua kinakubana ukipanda mlima, ukipumzika kinaachia. Umenunua dawa ya gesi. Papa alianza hivyo hivyo, miezi minne anakunywa dawa ya tumbo. Kesho asubuhi nenda upimwe presha, sukari na moyo. Pesa ya munganga nimetuma, angalia simu yako. Saa nne nakupigia.