Kabla Hujamchora, Niambie Anakula Nini

Asanteni, asanteni, kaeni. Wale wa nyuma mnanisikia? Haya. Nimeombwa niongelee viumbe wanaoweza kuwa wanaishi kwenye bahari zilizofichwa chini ya barafu, huko kwenye miezi inayozizunguka sayari za Mshtarii na Zohali, yaani Jupiter na Saturn, na najua humu kuna watu wameshanisikia nikiyasema haya zaidi ya mara moja. Mnivumilie. Nitayasema tena mpaka yaingie, maana kila nikienda shuleni bado naletewa michoro ileile.

Iko hivi. Nikiingia darasani nawaambia watoto kuna mwezi wa Mshtarii unaitwa Europa, ni mdogo kidogo kuliko mwezi wetu, juu umefunikwa na barafu ya kilomita nyingi, na chini ya barafu wanasayansi wana ushahidi mzito kwamba kuna bahari ya chumvi yenye maji labda mara mbili ya bahari zote za dunia ukizijumlisha. Haya, nichoreeni kiumbe wa humo. Dakika kumi. Na karibu wote wanaanza na macho. Macho makubwa, tena yana kope. Halafu mdomo, meno. Namwita mmoja, namuuliza, mwanangu, huko chini jua halifiki hata chembe, haya macho anaangalia nini? Kimya. Na meno anatafunia nini? Kimya. Basi hapo tumechora binadamu tukamvisha magamba.

Siwalaumu watoto, watu wazima ndio wanaowafundisha hivyo. Kichwa kikubwa, mikono mirefu, anakuja kututawala. Mimi ninachodai ni kitu kimoja tu, na nitakidai mpaka sauti inikauke: kabla hujamchora, niambie anakula nini. Nguvu ya kumweka hai inatoka wapi. Ukishapata jibu la hapo, mwili wake utajichora wenyewe, kama una mkono, kama hauna mkono, kama ni mkubwa au hata hauonekani kwa macho.

Ngoja niwape kisa changu ninachokipenda. Mwaka 1977, Februari, watafiti walikuwa karibu na visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki. Walikuwa na nyambizi ndogo inaitwa Alvin, inabeba watu watatu, imebana kama kabati. Walikuwa wanatafuta chemchemi za maji moto sakafuni mwa bahari, mambo ya miamba, na wengi wao walikuwa wanajiolojia, hawakubeba hata mwanabiolojia mmoja, kwa sababu nani alitegemea kuna viumbe wa maana huko? Mita kama 2,500 chini, giza, baridi, mzigo wa maji juu yako wa kutisha. Wakashuka, wakawasha taa. Wakakuta chaza wakubwa, kaa weupe, na minyoo imesimama ndani ya mirija myeupe, kichwani ina shungi jekundu kama damu, na ni damu kweli, kuna mingine inazidi mita mbili! Imesongamana kuzunguka maji ya moto kama watu kwenye bomba la mtaa siku maji yamerudi.

Sasa sikilizeni hapa. Walipokuja kumpasua huyo mnyoo, hana mdomo. Hana tumbo. Hana utumbo. Mita mbili za mnyama na hana pa kuingizia chakula. Watu wakakuna vichwa. Halafu mwaka 1980 mtaalamu wa minyoo, Meredith Jones, alikuwa anatoa mhadhara pale Chuo Kikuu cha Harvard, mhadhara kama huu tu, watu wamekaa kwenye viti, akataja kwamba ndani ya mnyoo kuna chembe za salfa. Mwanafunzi mmoja, Colleen Cavanaugh, ndiyo kwanza ameanza masomo yake ya juu, akasimama palepale akasema basi ndani yake kuna bakteria, bakteria wanaunguza ile gesi ya salfa inayonuka kama yai viza, wanapata nguvu, wanatengeneza chakula, na mnyoo anakula kwao. Mwaka uliofuata akachapisha na ushahidi. Alikuwa sahihi. Mnyoo ni nyumba, wapishi wako ndani.

Nakipenda hiki kisa kwa sababu hata kwenye dunia yetu hii hakuna mtu aliyemchora huyo mnyama kabla hajaonekana. Na aliyemwelewa hakumwelewa kwa kuangalia shungi lake, alimwelewa kwa kuuliza anakula nini.

Hapo huwa kuna kijana mmoja mwenye akili ananyoosha mkono, namuona yule pale anataka kuunyoosha, anasema mwalimu, lakini bakteria hao wanatumia oksijeni, na oksijeni inatoka kwenye mimea ya juu, kwa hiyo jua bado lipo mezani. Sahihi kabisa, mwanangu, hongera. Ndiyo maana sibaki Galápagos. Naenda jikoni kwa mama yangu mdogo, kule Meru.

Mama mdogo ana ng'ombe watatu bandani na ana biogesi. Asubuhi anachukua kinyesi, anakichanganya na maji kwenye beseni la saruji, anakoroga kwa mti mpaka kinakuwa kama uji mzito, anafungulia kinashuka kwenye shimo lililofunikwa. Humo ndani giza, hamna hewa. Bomba linatoka shimoni linaingia jikoni, anawasha kiberiti, moto wa bluu, chai inachemka. Mwaka mmoja moto ukaanza kuwa wa njano, ukalegea, ukazima. Fundi akakagua mabomba, mazima. Tukaja kugundua kijana wa banda alikuwa anamwaga humohumo shimoni maji ya dawa ya kusafishia sakafu. Hakuziba bomba, aliwaua wapishi! Tukasubiri wiki kadhaa, tukaweka kinyesi kipya, ndipo wakazaliana tena.

Hao wapishi ni nani? Ni vijidudu, kuna wanaovunjavunja majani yaliyobaki kwenye kinyesi na kutoa haidrojeni, na kuna wengine wanaochukua haidrojeni hiyo na kaboni dayoksaidi, wanaviunganisha, wanapata nguvu, na wanachopumua nje ni methani, ndiyo gesi inayopika ugali. Hawataki oksijeni, oksijeni kwao ni sumu. Hawataki mwanga. Sawa, majani yameota kwa jua, najua utaniambia hivyo, lakini yule mlaji wa haidrojeni hana habari haidrojeni imetoka wapi. Mpe haidrojeni iliyotoka kwenye mwamba, anakula.

Na mwamba unaitoa. Mwamba wenye chuma ukikutana na maji ya moto, chuma kinanyang'anya oksijeni ya maji, haidrojeni inabaki huru. Kule Afrika Kusini, mgodi wa dhahabu wa Mponeng, kilomita 2.8 chini ya ardhi, watafiti walimkuta bakteria anaishi karibu peke yake ndani ya ufa wa mwamba, haidrojeni yake inatokana na mionzi ya madini ya urani inayopasua maji. Jua halijamgusa. Huyu ni mwafrika mwenzetu, na watoto wetu hawamjui, wanajua maroboti ya sinema.

Sasa twende angani, maana muda unakwenda. Zohali ina kimwezi kinaitwa Enceladus, kipenyo chake kilomita kama 500 tu, ni cheupe kuliko karibu kila kitu kinachozunguka jua. Mwaka 2005 chombo cha angani cha Cassini kikakuta ncha yake ya kusini ina nyufa nne ndefu, na kwenye nyufa yanaruka maji, mvuke na chembe za barafu, yanarukia angani mamia ya kilomita. Bahari inajitoboa yenyewe. Cassini ikapita katikati ya hayo maji, ikayaonja. Kuna chumvi. Kuna kaboni dayoksaidi, kuna methani. Kuna punje za silika, madini ya mchanga, ambazo zinaelekea zimetokea mahali ambapo maji yanazidi nyuzi 90, maana yake chini kuna jiko. Na mwaka 2017 wakatangaza, haidrojeni ipo. Haidrojeni! Mwaka 2023 ikatangazwa fosfeti pia, chumvi ya fosforasi ambayo viumbe hai wanaihitaji. Mimi siku ile ya haidrojeni nilimpigia mama mdogo nikamwambia chakula cha wapishi wako kimepatikana Zohali. Akaniuliza, wapishi wenyewe wameonekana? Nikamwambia bado. Akasema basi tuwasubiri. Na ndiyo jibu la kisayansi hilo, chakula kimeonekana, mlaji bado, na hata hiyo methani inaweza kutengenezwa na miamba bila kiumbe yeyote.

Jiko linawashwa na nini? Ninyi watu wa pwani hamhitaji kufundishwa, mnajua bamvua na maji mafu, mnajua mwezi unavuta bahari. Huko Zohali ndiyo inavuta kimwezi chenyewe, mzunguko mmoja ni saa 33, mara kiko karibu, mara mbali, kinaminywa kinaachiwa, kinaminywa kinaachiwa. Chukua waya, ukunje ukunjue haraka mara ishirini, halafu gusa pale unapokunjia. Ni moto. Ndiyo hivyo.

Basi sasa mchore. Ukiwa umeanza na chakula, utachora nini? Mimi nachora utando. Ute mwembamba umeng'ang'ania mwamba pale maji moto yanapochuruzika, kama ule unaoteleza kwenye mawe ya mtoni. Hana macho, anachohitaji ni kuonja haidrojeni iko upande gani. Na mzigo wa maji usiwatishe, uvutano wa Enceladus ni mdogo kiasi kwamba gunia la kilo mia huko lina uzito kama wa kilo moja na kidogo huku, kwa hiyo hata sakafuni mwa bahari ile mgandamizo ni mdogo kuliko wanaouishi minyoo wa Galápagos. Mtu ataniambia utando unachosha, tunataka pweza. Pweza anakula sana, ndugu yangu! Mwenye misuli ya kuogelea anataka oksijeni nyingi, nionyeshe inakotoka. Europa labda, kwa sababu mionzi ya Mshtarii inapasua barafu ya juu na kutengeneza oksijeni, na kama barafu hiyo inazama ikafika baharini, hapo ndipo nitakuruhusu uanze kuchora kitu kinachotembea. Kama.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Miezi mingine, Ganymede naiacha, Titan naiacha. Chombo cha Marekani, Europa Clipper, kimeruka Oktoba 2024, kitafika 2030, kitapita karibu na Europa mara 49. Chombo cha Ulaya, JUICE, kimeruka 2023, kinafika Mshtarii 2031. Cassini yenyewe waliitupa ndani ya Zohali mwaka 2017 makusudi, isije ikaangukia Enceladus na vijidudu vya kwetu. Mnakumbuka maji ya dawa kwenye shimo la mama mdogo? Waliogopa kuharibu jiko la watu.

Na yule anayeniuliza kila mahali, watoto hawana madawati wewe unawapeleka Zohali, namjibu haraka: madawati nayataka, nimeyapigia kelele kwenye vikao. Lakini mtoto aliyezoea kuuliza nguvu inatoka wapi ndiye atakayejua kwa nini biogesi ya bibi yake imezima, na hilo swali halihitaji pesa.

Haya, karatasi ziko pale mlangoni. Kila mtu achukue moja, wazee na ninyi pia. Nimepiga mstari katikati. Nusu ya chini andika anakula nini na kinatoka wapi, na asianze nusu ya juu mtu ambaye ya chini bado iko tupu. Nitapita kuziangalia.